Nani aliimba besi kule Venice?

Fidla zinaanza kwa kurukaruka oktava, chini juu, chini juu, kama mtu anayebisha hodi huku ana haraka. Tarumbeta inaitika. Kisha kwaya nzima inaingia na neno moja, Gloria, inalirudia, ndipo inaendelea. Katika kazi zote za kanisani za Antonio Vivaldi hakuna inayojulikana kuliko hii, na aliyewahi kuisikia huikumbuka kwa kishindo chake: soprano juu, alto na tenori katikati, na besi la wanaume limekaa chini kama msingi wa nyumba. Lakini katika rekodi ambayo mwongozaji Mfaransa Hervé Niquet na kundi lake la Le Concert Spirituel waliitoa mwaka 2015 kwa nembo ya Alpha, msingi huo haupo pale ulipozoeleka. Waimbaji wote ni wanawake. Ni rahisi kudhani kwamba hiyo ni mbinu ya kuuzia sidii, kwa kuwa rekodi za Gloria zimejaa tele na kila anayeongeza moja hutafuta kisingizio. Mimi naona vingine. Kati ya rekodi hizo zote, hii ni miongoni mwa chache zinazousogelea ushahidi tulionao kuhusu nyumba iliyouzaa muziki huu, ingawa pako mahali pamoja ambapo Niquet naye anauruka ushahidi huohuo.

Nyumba yenyewe ni Ospedale della Pietà. Jina lisimpoteze msomaji. Haikuwa hospitali ya wagonjwa bali makao ya watoto waliotelekezwa, yaliyoasisiwa Venice mwaka 1346. Ukutani palikuwa na kidirisha kilichoitwa scaffetta, ambamo mama, au aliyetumwa na mama, alimlaza mtoto mchanga akaenda zake. Wengine waliacha na mtoto nusu ya medali au nusu ya kipande cha karatasi kilichokatwa mkato usiofanana na mwingine. Nusu ya pili walibaki nayo, ili hali ikitengemaa waje kuziunganisha na kuthibitisha kwamba mtoto ni wao. Wavulana walifundishwa ufundi wakaondoka. Wasichana wengi walibaki, na waliojaliwa sauti au wepesi wa vidole waliingizwa katika coro, kikosi cha waimbaji na wapiga ala. Jiji lilikuwa na nyumba nne za hisani zenye coro, nyingine zikiwa Mendicanti, Incurabili na Ospedaletto, na zilishindana kwa muziki, kwa sababu muziki ulivuta wageni, na wageni walikuja na sadaka. Vivaldi, aliyebandikwa jina la padri mwekundu kwa rangi ya nywele zake, aliajiriwa Pietà mwaka 1703, mwaka uleule alipopewa upadri, afundishe fidla kwa dukati 60 kwa mwaka. Kutunga muziki wa ibada haikuwa kazi yake. Ilikuwa ya mkuu wa coro, Francesco Gasparini. Mwaka 1713 Gasparini aliomba ruhusa, akaondoka, hakurudi. Pengo likamwangukia mwalimu wa fidla. Juni 1715 wakuu wa nyumba walimpa takrima ya dukati 50 kwa misa nzima, masifu ya jioni, oratorio moja na moteti zaidi ya 30, na wataalamu wengi huiweka Gloria, ile yenye namba RV 589 katika orodha ya kazi zake, ndani ya miaka hiyohiyo.

Ndipo linapokuja swali. Coro haikuwa na mwanamume hata mmoja. Wanawake waliimba wakiwa juu roshanini, nyuma ya kimia cha chuma, waumini wakiona vivuli tu, na walimu wa kiume waliowafundisha hawakusimama nao kuimba. Hata hivyo nota za Gloria zina mistari minne ya kwaya kama misa yoyote: soprano, alto, tenori, besi. Miwili ya chini iliimbwa na nani? Kumbukumbu za nyumba zinatupa kidokezo cha kwanza. Watoto hawa hawakuwa na jina la ukoo, basi walitambulishwa kwa kazi yao: Anna Maria dal Violin kwa sababu ya fidla, Pellegrina dall'Oboe kwa sababu ya oboi. Katika kumbukumbu hizo wamo pia wanawake walioitwa dal Tenor na dal Basso. Mbishi atasema basso huenda ilikuwa ala, na kwa jina peke yake huwezi kumshinda. Basi tumpeleke kwenye Juditha triumphans, oratorio ambayo Vivaldi aliiandikia Pietà mwaka 1716 kushangilia ushindi wa Venice dhidi ya Waturuki kule Corfu. Hapa hakuna shaka kuhusu mahali wala waimbaji: wahusika wote watano, pamoja na jemadari Holofernes anayekatwa kichwa, waliimbwa na wanawake wa nyumba ile. Na kwaya ya askari inayoifungua kazi hiyo kwa matarumbeta na ngoma, kwaya inayotaka damu na kisasi, imeandikwa kwa soprano, alto, tenori na besi. Ikiwa jeshi zima la Holofernes lilinguruma kwa makoo ya wanawake, sioni kwa nini Gloria ingehitaji wanaume wa kuazima.

Gloria yenyewe ina ushahidi wake wa ndani. Ina sehemu 12. Nyingine ni za kwaya nzima, nyingine ni za mwimbaji mmoja au wawili. Tazama Vivaldi amewapa nani nafasi hizo za peke yao: soprano wawili wanaofukuzana kama watoto uani, soprano mmoja anayeongea na oboi kwa mwendo wa kubembeleza, alto anayejibizana na kwaya, alto huyohuyo tena, safari hii na nyuzi zinazokimbia chini yake. Tenori hana hata sehemu moja ya peke yake. Besi naye hana. Mtunzi aliyekuwa na wanaume wazuri mkononi, katika zama ambazo mwimbaji bora alidai kuonekana, angewanyima wote wawili? Inawezekana, lakini si kawaida. Maelezo mepesi zaidi ni kwamba mistari ile miwili ya chini ilikuwa ya kujaza sauti ya kundi, na waliopewa kusimama peke yao walikuwa wanawake ambao Vivaldi aliwajua sauti zao moja moja.

Lakini mwili wa mwanamke una mipaka yake, na hapo ndipo wengi hukwama. Kabla ya kukwama, tukumbuke kwamba coro haikuwa kwaya ya mabinti wa shule. Wengi walikaa Pietà maisha yao yote. Anna Maria, mpiga fidla maarufu kuliko wote, alizaliwa karibu 1696 akafa 1782 akiwa bado wa nyumba ile. Walikuwamo wanawake wa miaka 40, 50, hata zaidi, waliofanya mazoezi tangu utotoni, na sauti ya mwanamke hushuka umri unapopanda. Mstari wa tenori kwa watu wa namna hiyo si muujiza. Kwenye kwaya zetu za parokia wamo akina mama ambao mwalimu huwapanga kwa tenori pale wanaume wanapokuwa wachache, na hakuna anayeshangaa. Besi ni habari nyingine. Wachache sana wangezifikia nota za chini kabisa, na dawa iliyo dhahiri ni kulipandisha besi oktava moja. Sasa mwalimu yeyote wa kwaya ataruka kitini: ukilipandisha besi, litawapita tenori na pengine alto, na mpangilio wa sauti utapinduka. Angekuwa na haki kama kwaya ingeimba bila ala. Katika muziki wa Baroko, besi la waimbaji haliachwi peke yake. Selo hulipiga nota kwa nota, kinanda cha kanisani hulifuata, na fidla kubwa kabisa hulipiga oktava moja chini zaidi. Kwa hiyo waimbaji wakipanda, mguu wa muziki unabaki palepale ulipokuwa. Nguzo za nyumba ile zilikuwa za mbao na nyuzi tangu mwanzo. Wanaume, palipokuwa na wanaume, walizipaka rangi tu.

Hiyo ndiyo njia aliyoifuata Niquet, ila yeye amempandisha hata tenori, na matokeo yake yanasikika tangu neno la kwanza. Tenori akipandishwa anaingia eneo la soprano, mara yuko chini yake, mara anampita. Pale ulipozoea kusikia wimbo mmoja juu na sauti nyingine zikiubeba, unasikia nyuzi mbili tatu zinazosukana katika kimo kilekile, na sikio halijui lifuate upi. Katika sehemu ya pili, ile inayoomba amani duniani, jambo hili linafika mbali zaidi. Ni sehemu ya polepole, ya majonzi, sauti zikiingia moja baada ya nyingine na kugusana kwa nota za jirani zinazokwaruzana kidogo kabla ya kutulia. Kwaya yenye wanaume huutawanya mkwaruzo huo katika oktava tatu, nao unalainika. Sauti zote zikiwa karibu, unauma. Aliyeandika mgongano ule alijua anachofanya, na katika mpangilio huu tunausikia kwa ukubwa wake.

Wako watakaosema: maneno mazuri, lakini hakuna karatasi inayotamka kwamba Gloria hii iliandikwa kwa ajili ya Pietà. Ni kweli. Hati ya mkono wa Vivaldi haitaji mwaka wala mahali, na mtunzi wa Venice aliweza kupokea kazi kutoka parokia yoyote au sherehe yoyote. Naikubali pingamizi hiyo kwa moyo mmoja, ila naomba ipimwe pande zote mbili. Hakuna karatasi inayotamka pia kwamba iliandikwa kwa kwaya ya wanaume na wanawake, na kwaya ya namna hiyo katika kanisa Katoliki la Italia ya mwaka 1715 ingekuwa kitu cha kushangaza kuliko kwaya ya wanawake watupu. Makanisa mengine yalitumia wavulana, wanaume waimbao kwa sauti ya juu, na matowashi. Kwaya mseto tunayoiona ya kawaida leo ndiyo mgeni kuliko wote mezani. Tukipima kinachowezekana dhidi ya kinachowezekana, Pietà ina mwajiri, ina miaka, ina malipo, ina mfano wa Juditha, na ina zile sehemu za peke yao zisizo na mwanamume. Upande wa pili una mazoea.

Na mazoea yenyewe si ya zamani hivyo. Vivaldi alikufa Vienna mwaka 1741 katika umaskini, na muziki wake wa kanisani ukazikwa pamoja naye kwa karibu miaka 200. Mwaka 1926 Wasalesiani wa Don Bosco, watawa hawahawa wanaojulikana kwetu kwa shule zao za ufundi, walitaka kuuza vitabu vya zamani vilivyokuwa katika chuo chao huko Monferrato, kaskazini mwa Italia. Maktaba ya Turin ikaombwa ushauri, na mtaalamu wa muziki Alberto Gentili alipofungua makasha akakutana na mwandiko wa Vivaldi, buku baada ya buku. Maktaba haikuwa na fedha. Zikapatikana kwa Roberto Foà, aliyenunua mwaka 1927 kwa kumbukumbu ya mwanawe mdogo aliyefariki, Mauro. Nusu iliyosalia ikafuatiliwa hadi Genoa, ikanunuliwa 1930 na Filippo Giordano, naye kwa kumbukumbu ya mwanawe marehemu, Renzo. Hadi leo hati hizo zinaitwa kwa majina ya watoto hao wawili. Muziki wa watoto waliokosa wazazi uliokolewa na wazazi waliopoteza watoto, na sijui nifanye nini na ukweli huo zaidi ya kuutaja. Septemba 1939, mtunzi Alfredo Casella akaipigisha Gloria mjini Siena, kwa nota alizozirekebisha kwa ladha ya siku zake. Hapo ndipo mazoea yetu yalipozaliwa: kwaya kubwa ya wake kwa waume na okestra pana. Baadaye wakaja waliotaka ala za kale na mwendo mwepesi, lakini hata wao waliitazama okestra kuliko makoo. Rekodi ya Simon Preston ya miaka ya 1970, iliyosifiwa sana na kwa haki, iliwatumia waimbaji wa kanisa kuu la Christ Church, Oxford, ambako soprano ni wavulana na sauti nyingine ni wanaume. Waimbaji wa peke yao walikuwa wanawake, lakini kwaya ilikuwa kinyume kabisa cha Pietà. Na hakuna aliyeiita rekodi ile mbinu ya kuuzia.

Sasa pale ambapo Niquet ananipoteza. Sehemu zile za soprano mmoja, za alto mmoja, amezikabidhi kwa kundi: soprano wote wanaimba kwa pamoja wimbo ulioandikwa kwa mmoja, na alto hivyohivyo. Fikra iliyo nyuma yake si ngumu kuiona: nyumba ya kitawa, unyenyekevu, hakuna wa kujitokeza mbele ya wenzake. Wazo hilo lingefaa kwenye monasteri ya Kifaransa. Pietà haikuwa monasteri, na wanawake wake hawakuwa watawa. Walikuwa na majina, na majina hayo yaliuza viti. Magnificat, kazi nyingine iliyomo katika rekodi hiihii, Vivaldi aliirudia mwaka 1739 akaongeza nyimbo za mwimbaji mmoja mmoja, na kwenye nota akaandika kila wimbo ni wa nani: Apollonia, Chiaretta, Ambrosina na wenzao. Mtu anayeandika jina la mwimbaji juu ya wimbo hataki uimbwe na wanane. Katika ule wimbo wa soprano na oboi hasara inasikika wazi. Oboi ni moja, inavuta pumzi kama mtu mmoja, inachelewa kidogo hapa na kuharakisha pale. Kundi haliwezi kuchelewa nayo bila kwanza kupatana. Mazungumzo ya wawili yanageuka risala ya kamati. Ni wimbo mzuri bado, sauti zimelingana kwa ustadi mkubwa, lakini kwa hoja aliyoijenga Niquet mwenyewe, ya kumrudishia kila mwanamke wa Pietà nafasi yake, ni ajabu kwamba amemnyima yule aliyekuwa nayo kwa maandishi.

Pingamizi ya mwisho ni ya jumla zaidi, na huletwa dhidi ya kila anayejaribu kupiga muziki wa kale kama ulivyopigwa. Waimbaji wa Paris wa karne ya 21, inasemwa, si yatima wa Venice. Hata kanisa la Pietà ambalo watalii huonyeshwa leo ukingoni mwa bahari lilianza kujengwa mwaka 1745, Vivaldi akiwa kaburini miaka minne, na kile kikanisa alichokitumia hakipo tena. Tunaigiza nini, na mahali gani? Nadhani jibu liko katika chombo chenyewe, yaani rekodi. Jean-Jacques Rousseau alipokuwa Venice katika miaka ya 1740 alihudhuria masifu ya jioni ya Mendicanti, na kilichomtia wazimu ni kile kimia cha chuma: alizisikia sauti, hakuwaona wenye sauti, akawaza malaika. Alipofanikiwa kukaribishwa kwao akakuta nyuso zenye makovu ya ndui, mwingine ana jicho moja, na akakiri kwamba aliporudi kanisani sauti zilimfanya asahau aliyoyaona. Rekodi ni kimia cha namna hiyohiyo. Ukumbini macho hufanya kazi kabla ya masikio: tunaona safu ya nyuma ina wanaume, au haina, na tunaanza kusikia tulichokiona. Kwenye rekodi sikio limeachwa peke yake. Haitulazimu kuamini kwamba waimbaji wa Niquet ni wale wa 1715. Inatulazimu tu kusikiliza mpangilio wa sauti ambao nota zinauruhusu na ushahidi unauelekea, halafu tuamue kama unasimama. Kwangu mimi unasimama, isipokuwa pale nilipokwisha kusema.

Hakuna katika haya kinachowafukuza wanaume wa kwaya zetu. Sehemu ya kufungia, ile fyuga ndefu inayoishia kwa Amina, Vivaldi mwenyewe aliichukua kutoka kwa mtunzi mwingine wa Venice, Giovanni Maria Ruggieri, akaikata na kuishona upya kwa kipimo chake. Mtu aliyeishi kwa kurekebisha hivyo hangenuna kuona besi la kiume limeongezwa pale lilipopatikana. Wanaofunguliwa mlango ni wengine. Zipo kwaya za masista na za shule za wasichana, Tanzania na Kenya, ambazo huiweka kando Gloria kwa kuona mistari minne na kuhesabu kwamba miwili si yao. Kwa ushahidi wa nyumba ilikotoka, yote minne ni yao. Wanachohitaji ni alto wawili watatu wenye sauti nzito wasioona haya kuitwa tenori, mtu wa kupiga selo akipatikana, na mpiga kinanda ambaye mkono wake wa kushoto hauchoki.